Kunguru Bandia Wenye Mwendo: Kuwatengeneza, Kuwapanga na Kujua Wakati wa Kuwazima

Kunguru hawaamini wenzao wasiotikisika. Kundi likipita juu ya shamba lenye kunguru bandia ishirini, yaani sanamu ambazo mwindaji huweka ili kuwavuta kunguru halisi, waliotulia tuli, huzunguka mara moja kwa mbali, hulia kidogo, kisha huenda zake. Mwendo ndio unaowageuza. Lakini mwendo una kazi mbili, na wawindaji wengi huzichanganya: kuvuta jicho la ndege aliye mbali, na kumtuliza ndege aliyekwisha kukaribia. Kazi ya kwanza inataka mwendo mkubwa unaoonekana. Ya pili inataka mwendo mdogo sana, au utulivu kabisa. Ndiyo maana kwenye mtambo wowote wa mwendo, kifaa cha kwanza cha kufikiria si mota bali ni swichi ya kuizima.

Kwanza, sheria

Soma kanuni za mahali unapowinda kabla ya kununua hata kamba. Zipo sehemu zinazoruhusu bandia wa kuvutwa kwa mkono lakini zinakataza wale wa umeme, na zipo zinazokataza sauti za kurekodiwa. Nchini Marekani, majimbo yanaweza kufungua msimu wa kunguru usiozidi siku 124 kwa mwaka, na si wakati wa kilele cha kutaga. Uingereza kunguru hawaruhusiwi kuuawa kwa burudani tu. Leseni za jumla, yaani vibali vya wazi ambavyo mtu haviombi mwenyewe, hudai sababu kama vile kulinda mazao au mifugo. Hakikisha pia unamtambua ndege mwenyewe. Kunguru mkubwa mwenye sauti nzito na mkia wa umbo la kabari analindwa Marekani, na hakuna kisingizio cha kumfananisha na kunguru wa kawaida, ambaye mkia wake hufunguka kama feni.

Amua kinachotokea pale chini

Kunguru hushuka kwa sababu. Anashuka kula, au anashuka kumshambulia adui. Mandhari hizi mbili hazipangwi sawa na hazitikisiki sawa, na kuzichanganya ndilo kosa linaloharibu maandalizi mengi mazuri. Bundi katikati ya kunguru wanaokula kwa utulivu ni jambo ambalo kunguru yeyote anajua haliwezekani.

Mandhari ya chakula ni ya taratibu. Ndege huinamisha vichwa, mmoja huruka hatua mbili, mwingine anatua. Inafaa mashambani baada ya mavuno, na inaweza kudumu asubuhi nzima. Mandhari ya bundi ni ya fujo na ya muda mfupi. Kunguru humchukia bundi kwa sababu bundi wakubwa huwakamata usiku wakiwa wamelala, kwa hiyo mchana wakimwona hukusanyika kumzomea na kumpiga mbizi. Hapo mwendo unapaswa kuwa mkali, na hamasa hupoa haraka: baada ya dakika 15 hadi 30 ndege walio karibu wamekwisha kujibu au wamekwisha kutambua. Funga vitu, uhamie mahali pengine umbali wa kilomita moja au zaidi.

Bandia wa kamba

Huyu ndiye tunayempendekeza kwa anayeanza, na pia kwa aliyezoea. Hana betri, hana kelele, na mwendo wake unaongozwa na mkono wako: unamtikisa unapotaka, anatulia unapotaka. Hakuna mota yenye akili hiyo.

Utahitaji kunguru bandia mwepesi wa ganda lenye uwazi ndani au wa sponji ngumu. Fimbo ya chuma cha springi yenye unene wa milimita 4 na urefu wa sentimita 70. Vigingi viwili vyenye pete. Mpira wa kunyumbuka wa sentimita 60. Na kamba ya nailoni iliyosukwa, milimita 2, mita 30, ya rangi ya udongo au nyeusi. Usitumie uzi wa kuvulia samaki unaopitisha mwanga. Wewe huuoni ukiwa umelala nyasini, lakini jua likiupiga hung'aa urefu wake wote.

1. Mweke ndege juu ya kidole hadi apate mizani, kisha tia alama hapo. Toboa tundu la fimbo sentimita moja nyuma ya alama, upande wa mkia. Kwa njia hiyo kifua kinakuwa kizito kidogo na mdomo unaelekea chini wenyewe.

2. Zamisha fimbo sentimita 30 ardhini, ubakize sentimita 40 juu. Ardhi ikiwa laini, tanguliza bomba dogo la chuma na utumbukize fimbo ndani yake. Vinginevyo itayumba kwenye shina badala ya kupinda.

3. Funga kamba chini ya kifua. Ipitishe kwenye pete ya kigingi kilichopigwa nusu mita mbele ya ndege, pete ikiwa karibu kugusa ardhi, kisha iongoze hadi kwenye kificho. Ukivuta, ndege anainama kama anayedonoa. Ukiachia, fimbo inamrudisha.

4. Funga mpira kutoka mkiani hadi kigingi cha nyuma, uvutike kidogo tu. Kazi yake ni kuzuia ndege asiyumbe kushoto na kulia baada ya kuachiwa.

5. Ukipenda mabawa, kata vipande viwili vya kitambaa cheusi kisichong'aa, kila kimoja urefu wa sentimita 35 hadi 40, uvishone mgongoni ukingo wa mbele tu. Ndege akiinama vinainuka, akirudi vinajikunja.

Mvuto wa sentimita 10 hadi 15 unatosha. Ukimwona anatetemeka zaidi ya mara mbili baada ya kuachia, kaza mpira. Asiporudi wima, ama fimbo ni nyembamba, ama kamba imeshikwa na majani njiani. Hili la majani hutokea karibu kila siku, kwa hiyo tembea urefu wote wa kamba kabla ya kuingia kifichoni na uondoe kila bua linaloigusa.

Bandia wa ufito

Ufito wa nyuzi za kioo au kaboni, mita 2.5 hadi 3, ukichomekwa ardhini kwa kulala kidogo na kubeba ndege mwenye mabawa wazi nchani, hutoa picha ya kunguru anayejaribu kutua. Upepo mwepesi unaopeperusha majani ya mti unatosha kumtikisa. Upepo mkali humgeuza kuwa kitu kinachopigwapigwa ovyo, na hapo mwondoe bila kusita. Siku isiyo na upepo kabisa, mfungie uzi mwembamba robo ya juu ya ufito na umtikise mara chache kutoka kifichoni. Elekeza ufito upande unakokwenda upepo, lakini kichwa cha ndege kitazame unakotoka, maana hakuna kunguru anayetua akisukumwa na upepo mgongoni kama ana hiari.

Bandia wa mota

Mitambo mingi inayouzwa ilibuniwa kwa bata, na hapo ndipo matatizo yanapoanzia. Mabawa yake yana upande mweusi na upande mweupe ili yamulike yakizunguka. Kunguru hana sehemu nyeupe chini ya bawa. Paka pande zote mbili rangi nyeusi isiyong'aa: kwangua kwanza kwa msasa laini, futa vumbi kwa kitambaa chenye spiriti, kisha piga mikono miwili myembamba ya rangi ya kupuliza. Mkono mmoja mnene hupasuka kwenye ncha ya bawa baada ya siku chache.

Tatizo la pili ni kasi. Kunguru katika mruko wa kawaida hupiga mabawa takriban mara nne hadi tano kwa sekunde. Bawa la kuzunguka lililopakwa rangi moja pande zote huonekana pana mara mbili katika kila mzunguko, kwa hiyo ili lionekane kama mapigo matano kwa sekunde linahitaji mizunguko miwili na nusu tu, yaani 150 kwa dakika. Mota za bata huzunguka kwa kasi kubwa kuliko hiyo. Kwa jicho la binadamu tofauti ni ndogo, ni ukungu tu, lakini ndege huona mwendo wa haraka kwa ukali kuliko sisi. Lenga mizunguko 120 hadi 150. Kupima, weka alama ya chaki kwenye bawa moja na uhesabu: kwa sekunde 10 inapaswa kupita mara 20 hadi 25.

Kupunguza kasi kuna njia mbili. Kidhibiti kasi cha mota za umeme wa betri ndicho bora, kwa sababu mota hubaki na nguvu ya kuanza. Njia rahisi ni kuiwasha mota ya volti 12 kwa betri ya volti 6. Kasi hushuka hadi karibu nusu. Ubaya wake ni kwamba nguvu nayo hushuka, na mabawa yenye umande au yaliyoelekea upepo yanaweza kushindwa kuanza.

Kama una uwezo wa kuchagua, chukua mtambo wa kupiga mabawa juu na chini badala ya ule wa kuzungusha. Una sehemu nyingi za kuchakaa, lakini kwa kunguru unaeleweka.

Hesabu ya betri ni fupi. Mota inayokula ampea moja kwenye betri ya risasi ya volti 12, ampea-saa 7, ingefanya kazi saa saba kwa nadharia. Lakini betri ya risasi haipendi kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo panga saa tatu na nusu, na punguza zaidi siku ya baridi kali. Ile ya lithiamu-chuma-fosfeti ni nyepesi sana kuibeba na unaweza kuitumia sehemu kubwa ya chaji yake. Usiichaji ikiwa imeganda chini ya nyuzi 0. Aina yoyote utakayotumia, weka fyuzi ya ampea 3 karibu na ncha chanya. Bawa likishikwa na tawi au ndege akiliangukia, mota hukwama na kunyonya umeme mwingi. Bila fyuzi, waya huyeyuka au mota inaungua.

Mtambo wa mikono miwili inayozunguka na kubeba ndege wawili huleta njiwa vizuri. Kwa kunguru tunautumia kwa tahadhari. Wanauona kutoka mbali sana na hugeuka, lakini wengi hubaki juu wakikagua, kwa sababu mzunguko usiobadilika haufanani na chochote wanachokijua. Ukiutumia, mikono iwe mirefu, karibu mita 2 kila mmoja, kasi iwe mizunguko 8 hadi 12 kwa dakika, na ndege wawe katika kimo tofauti. Kwa mizunguko 10 ndege husafiri takriban mita 2 kwa sekunde, mwendo wa kunguru aliyekaribia kutua.

Kupanga uwanja

Kwa mandhari ya chakula, bandia 12 hadi 24 wasiotikisika na wenye mwendo mmoja au wawili wanatosha. Kuongeza wenye mwendo hadi wanne au watano hakuongezi mvuto. Huongeza idadi ya vitu ambavyo kunguru anaweza kuvitilia shaka. Wengi wainamishe vichwa. Wawili au watatu wasimame wima, na mmoja awekwe juu ya mti au nguzo, ametulia, kama mlinzi. Kundi halisi likila karibu kila mara kuna mlinzi.

Waache nafasi ya mita moja hadi mbili, isiyo sawa, wakielekea kwa jumla upepo unakotoka. Acha uwazi wa mita 8 hadi 10 katikati, mbele ya kificho, na mweke mwenye mwendo kwenye ukingo wa uwazi huo upande unakotoka upepo. Ndege hushuka wakiukabili upepo, macho yao yakiwa kwake, na wanakusudia kutua nyuma yake, ndani ya uwazi ulioandaa. Umbali kutoka kwako hadi katikati ya uwazi uwe mita 20 hadi 25. Mweke bandia mmoja mahususi kwenye mita 30. Ndege aliye ng'ambo yake muache apite.

Upepo ukitoka moja kwa moja mgongoni kwako, kila ndege anashuka akikutazama usoni. Afadhali ukate bega, ili waje kwa ubavu. Jua liwe nyuma yako, na kificho kiwe ndani ya kivuli. Kunguru hukumbuka nyuso: watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington walivaa barakoa walipowakamata kunguru, na ndege hao waliendelea kuwazomea waliovaa barakoa hiyo kwa miaka. Funika uso na mikono kabla ya kufika uwanjani, si baada ya kuketi.

Kwa mandhari ya bundi, mweke bundi bandia juu ya mlingoti wa mita 2 hadi 3 mahali pa wazi, au juu ya nguzo ya uzio. Bandia watatu au wanne wakae matawini wakimtazama. Mwenye mwendo mmoja, bora yule wa ufito, awe juu ya bundi kidogo, karibu naye, kama anayempiga mbizi. Bundi mwenye kichwa kinachogeuka kwa upepo anafaa, na mabawa yanayopiga polepole yanafaa zaidi. Bundi asiyetikisika kabisa hugunduliwa mapema.

Lini kuwasha, lini kuzima

Kama unatumia sauti za kurekodiwa, kipaza sauti kiwe mita mbili au tatu kutoka kwa bandia mwenye mwendo. Kikiwa kifichoni, ndege hufuata sauti na kukutazama wewe huku mwendo uko pengine.

Ndege wakiwa mbali, mita 300 au zaidi, washa mwendo wote ulio nao pamoja na sauti. Wakigeuka kuelekea kwako, acha. Wakibadili njia, rudisha kwa sekunde tatu au nne. Wakifika mita 100, zima kilicho cha mota kabisa na utumie kamba pekee: mivuto miwili mifupi, kimya kwa sekunde tano, mvuto mmoja. Mabawa yakianza kukunjwa na miguu kushuka, usiguse chochote.

Hii ndiyo sehemu inayotaka mazoezi, na ndiyo maana rimoti ina thamani kuliko taima. Taima inayowasha kwa sekunde 5 na kuzima kwa 20 ni bora kuliko mota isiyozimwa, lakini haijui ndege yuko wapi. Kama huna rimoti, nyoosha waya wa nyuzi mbili hadi kwenye swichi ya mkononi, ufukie kina cha vidole viwili.

Tofauti ni mandhari ya bundi. Kunguru wanaokuja kwa hasira wako tayari kukubali mwendo hadi mwisho, kwa hiyo anayepiga mbizi aendelee hadi wa kwanza wafike juu ya mlingoti.

Yanayoharibika, na sababu zake

Ndege wakizunguka kwa kimo kile kile bila kushuka, kwanza tafuta mng'ao. Umande humfanya bandia mweusi ang'ae hata kama rangi yake ni isiyong'aa. Beba kitambaa na uwafute jua linapochomoza, na tena baada ya mvua. Nyuzi za manyoya zilizobandikwa juu ya mwili hunyonya mwanga vizuri kuliko rangi, lakini zikilowa hushika matope.

Wakishuka hadi mita 60 kisha wakapaa ghafla, kagua sauti ya gia. Mota inayolia kwa sauti nyembamba hufunikwa na kishindo cha kundi hata ukiwa karibu nayo, lakini ndege aliye juu huisikia. Tia grisi nyeupe kwenye gia na uweke washa (pete bapa) ya mpira kati ya mota na mlingoti. Kagua pia mizani ya mabawa: moja likiwa limepinda, mwili wote hutetemeka, na mtetemo huo si wa kiumbe hai.

Bawa la kuzunguka likibaki nyuma au kuteleza kwenye mhimili, skrubu ndogo ya kukazia imelegea. Itoe, ipake gundi ya kushikia skrubu, ikaze, na beba ufunguo wake siku zote. Mhimili ukiwa wa mviringo kamili, piga tupa sehemu ndogo bapa ili skrubu ipate pa kuuma.

Ndege wakija upande mmoja tu na kupuuza kutoka upande mwingine, bawa la kuzunguka limeelekezwa vibaya. Likitazamwa kutoka nchani halionekani kabisa. Ligeuze ili ubavu mpana ukabili njia wanayopita.

Usiache kunguru waliokufa uwanjani migongo chini na mabawa wazi. Watafiti Kaeli Swift na John Marzluff, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015, walionyesha kwamba kunguru hukusanyika kwa kelele palipo na mwenzao aliyekufa na huogopa eneo hilo kwa siku zinazofuata. Waokote kila kunapotulia.

Kabla ya kutoka kifichoni kuokota ndege au kurekebisha kamba, ondoa risasi katika bunduki, iache ikiwa imefunguliwa, na zima mota. Mabawa ya chuma hukata kidole. Usimfyatulie ndege aliye chini ya usawa wa kichwa cha mtu aliyesimama. Marisau namba 6 yanaweza kusafiri zaidi ya mita 200. Mkiwa wawili, pigeni vigingi viwili vinavyoonyesha mpaka wa kila mmoja wa kuzungusha mtutu.

Baada ya kurudi, uwanja huo uache upumzike angalau wiki mbili, na ukirudi badilisha mahali pa mwenye mwendo na aina yake. Kamba ianikwe kabla ya kukunjwa, maana nailoni iliyofungwa mbichi hushika harufu na mafundo. Tenganisha mabawa na mhimili wakati wa kusafirisha. Betri ya risasi ichajiwe jioni ile ile, na msimu ukiisha ichajiwe tena kila mwezi. Ikikaa tupu hadi msimu ujao, haitashika chaji tena.